Kanoni ya Pachelbel kwa kikundi cha ridhaa: noti zigawe upya, usizifute

Mpe mtu asiyezoea kazi ya kupanga muziki kipande cha klasiki akiandae kwa wapigaji wa ridhaa, kisha uone anaanzia wapi. Ataanza kufuta. Noti za haraka anazitoa, noti za juu anazishusha, sauti za kati anazipunguza, na mwisho kinabaki kitu kilichokonda ambacho wapigaji wenyewe wanakichoka kwenye mazoezi ya pili. Kanoni ya Pachelbel katika D meja inateswa sana namna hii, hasa msimu wa harusi. Haistahili, kwa sababu muundo wake unakuruhusu kuukusanya karibu ugumu wote kwa mtu mmoja au wawili bila msikilizaji kukosa noti yoyote.

Tuanze na kilichoandikwa. Johann Pachelbel (1653–1706) aliandikia violini tatu na besi, besi yenyewe ikiwa ni sello au ala nyingine ya chini pamoja na kinanda kinachojaza kodi, yaani noti zinazosikika pamoja. Besi ina noti nane tu: D, A, B, F shapu, G, D, G, A. Kila noti ni pigo moja, hivyo duru moja inachukua vipimo viwili vya mapigo manne manne. Duru hiyo inarudiwa mara 28, kisha inakuja D ya kumalizia, jumla vipimo 57. Violini ya kwanza inaingia duru ya pili, violini ya pili inaingia duru ya tatu, ya tatu inaingia duru ya nne, na zote zinapiga melodi ile ile tangu mwanzo, zikifuatana kwa umbali wa vipimo viwili; huko kufuatana ndiko kunakoitwa kanoni. Kilichapishwa kwa mara ya kwanza 1919, na kilichokieneza duniani ni rekodi ya okestra ya Jean-François Paillard ya 1968, iliyokwenda polepole. Upole huo ndio unaowadanganya watu kwamba kipande ni chepesi.

Melodi ya violini nitaigawa kwa vifungu, kila kifungu kikiwa na urefu wa duru moja ya besi. Kifungu cha 1 ni F shapu, E, D, C shapu, B, A, B, C shapu, kila noti pigo moja. Kifungu cha 2 ni D, C shapu, B, A, G, F shapu, G, E. Hapo mwanafunzi wa miezi sita anatabasamu. Kifungu cha 3 na cha 4 kinaingia kwenye nusu pigo. Kifungu cha 5 ni robo pigo, noti nne kwa kila noti ya besi. Mbele zaidi kuna pale penye A, F shapu, G, A, F shapu, G, halafu A ya juu na ngazi inayopanda mbio kutoka A ya chini hadi G, noti nane ndani ya pigo moja. Ukienda mapigo 60 kwa dakika, hizo ni noti nane kwa sekunde. Na kwa kuwa ni kanoni, hakuna pa kumficha mtu: violini ya tatu, ambako viongozi wengi huwaweka wapigaji dhaifu, inapewa kazi ile ile ya violini ya kwanza vipimo vinne baadaye.

Sasa ichukue duru yoyote ya katikati na uitazame wima, kutoka juu kwenda chini. Duru ambayo violini ya kwanza iko kifungu cha 5, ya pili iko cha 4 na ya tatu iko cha 3. Duru inayofuata ni 6, 5, 4. Inayofuata tena ni 7, 6, 5. Kifungu cha 5 kinasikika duru tatu mfululizo, kila mara kwenye kiti kingine, na violini zote zina sauti ya aina moja na ziko katika usawa ule ule. Kwa hiyo hakuna kinachokulazimisha kukihamisha kiti. Mwache mpigaji wako hodari akipige mara tatu mfululizo, na wenzake wagawane vilivyobaki:

Duru ya kwanza: hodari anapiga 5, wa pili 4, wa tatu 3.
Duru ya pili: hodari anapiga 5, wa pili 6, wa tatu 4.
Duru ya tatu: hodari anapiga 5, wa pili 7, wa tatu 6.

Kinachosikika ni kile kile alichoandika Pachelbel. Wa tatu hakukigusa kabisa kifungu cha 5. Fanya hivyo hivyo kwenye vifungu vya mbio, na utaona kwamba kikundi cha watu tisa kinahitaji watu wawili tu wenye vidole vyepesi.

Kuna gharama mbili. Ya kwanza, wasikilizaji waliokaa karibu huona melodi ikitembea kutoka kiti hadi kiti, na burudani hiyo inapungua. Ya pili, huyo hodari anachoka, na mkono uliochoka unakaza upinde. Ndiyo maana ni vizuri wawe wawili wanaopokezana: mmoja anabeba robo pigo, mwingine anabeba ngazi za mbio. Ukifanya jedwali, liandike kwenye karatasi tupu kwanza, duru 28 kwa safu, sauti tatu kwa nguzo, na uhakikishe kila safu, kuanzia duru ya 4, ina vifungu vyake vitatu bila kurudia wala kuruka. Kosa la kawaida ni kumpa mtu 4 mara mbili na 6 ikapotea. Kwenye nakala huoni chochote, ila duru hiyo inasikika pengo katikati.

Kifungu cha 5 chenyewe kina mahali pamoja panapoangusha watu. Kinaanza D, C shapu, D, kisha kinashuka oktavi nzima hadi D ya chini, C shapu iliyo chini yake, halafu A. Kwenye violini, D ya chini ni uzi mtupu, yaani usiobanwa kwa kidole, C shapu iko kwenye uzi wa G kwa kidole cha tatu kilichosogezwa mbele, na A ni uzi mtupu mwingine, juu ya D. Upinde unatakiwa kuruka kutoka uzi wa G hadi uzi wa A, na uzi wa D uko katikati unasubiri kuguswa. Utasikia mkwaruzo kila mara. Dawa ni kuandika namba 4 juu ya A hiyo: kidole cha nne kwenye uzi wa D, na upinde unavuka uzi mmoja tu. Mbele kidogo melodi inapanda hadi B ya juu, kidole cha nne kwenye uzi wa E, ambayo ndiyo mwisho wa posisheni ya kwanza, yaani mkono ukiwa karibu na kichwa cha ala. Mikono midogo huifikia ikiwa chini ya sauti yake. Andika 4 na mshale mdogo wa kwenda juu. Mwalimu atajua la kufanya.

Kwa ngazi za mbio, habari njema ni kwamba zimekaa vizuri: A ni uzi mtupu, B, C shapu na D ni vidole vitatu mfululizo, E ni uzi mtupu, F shapu na G vinafuata. Shida iko kwenye upinde. Wengi wanapiga noti nane kwa mipinde minane mirefu, mkono wa kulia unachelewa, na wa kushoto unaonekana ndiyo wenye kosa. Andika juu ya noti "upinde mfupi, katikati". Mkiwa bado hamfiki, chapa njia mbadala chini ya mstari kwa noti ndogo: pale penye A na noti mbili za haraka, piga A peke yake, pale penye ngazi, anza A ya chini, piga moja na uruke moja, yaani A, C shapu, E, G. Wawili wakipiga ngazi kamili na wengine wakipiga mifupa yake, chumba kizima kitasikia ngazi kamili.

Viola, ndugu mkubwa wa violini mwenye sauti nzito zaidi, haimo kwenye kanoni hii, na vikundi vingi vina watu wawili watatu wa viola wasio na kazi. Mara nyingi wanapewa sauti ya violini ya tatu iliyoshushwa oktavi. Sipendi. Melodi ikishuka oktavi inaingia eneo la sello, C shapu ya kifungu cha 5 inakuwa nusu toni tu juu ya uzi wa C, na kanoni inapoteza ule usawa wa sauti tatu zinazofanana. Mpe viola kazi ya kinanda kilichokosekana, yaani kujaza kodi. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilitazama: viola inaweza kujaza kodi zote nane kwa noti tatu tu. A kwa mapigo mawili ya kwanza, F shapu kwa mapigo mawili, D kwa mapigo matatu, kisha A pigo la mwisho. Zipime moja moja dhidi ya besi: A iko kwenye kodi ya D na ya A, F shapu iko kwenye B maina na F shapu maina, D iko kwenye G, kwenye D, kwenye G tena, na A inafunga. Vifungu vya 1 na 2 vikiwa juu yake, kila kodi inakuwa na noti zake tatu.

Kwenye viola, A na D ni nyuzi tupu, F shapu ni kidole cha pili kwenye uzi wa D. Kwenye violini ni vivyo hivyo, nyuzi zile zile, kidole kile kile. Kwa hiyo kama huna viola, mstari huo huo, ukiandikwa kwa klefu ya violini (alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha noti zinasomwaje), unakuwa kiti cha mtu aliyeanza mwaka huu. Tahadhari ni kwamba uzi mtupu unapiga kelele kuliko uzi uliobanwa, tena kidole hakiwezi kurekebisha sauti yake. Kama A ya mtu imeshuka, imeshuka duru 28. Waandikie sauti ndogo, ngazi moja chini ya wengine, na mkague nyuzi zao kabla ya kuanza, siyo mwenye ala peke yake akiwa pembeni. Duru chache za mwanzo zinapendeza zikidonolewa kwa kidole badala ya upinde, maana hapo violini bado ni moja au mbili na viola nzito itazifunika.

Sello. Noti 224 kabla ya ile D ya mwisho, zote za pigo moja, na mizaha ya wapiga sello kuhusu kipande hiki haiishi. Lakini kuchoka siyo tatizo kubwa kuliko yote. Mstari ukiandikwa chini, D, A, B, kisha F shapu ya chini, noti hiyo ya nne iko kwenye uzi wa C, na kwenye posisheni ya kwanza kidole cha nne kinaishia F ya kawaida. Ili kufika F shapu lazima mkono upanuliwe. Mwanafunzi hapanui, hivyo kodi ya nne ya kila duru inachacha, mara 28. Suluhisho ni kuipandisha oktavi: F shapu ya uzi wa D, kidole cha tatu, halafu G kwa kidole cha nne hapo hapo, kisha D uzi mtupu, G uzi mtupu wa chini, A kidole cha kwanza. Mkono haupanuki popote. Kama mna besi kubwa, ibakie na mstari wa chini na isipige kila noti: noti ya kwanza na ya tano za kila duru, D na G, zinatosha kuweka uzito.

Kumpa mpiga sello kitu cha kuishi nacho, mbadilishe kazi kila baada ya duru nne au tano: duru za upinde mrefu, duru za kudonoa, duru za nusu pigo anazorudia kila noti mara mbili. Kama kuna sello mbili, mmoja ashike besi na mwingine apige mstari wa viola oktavi moja chini, A, F shapu, D, kisha wabadilishane. Kitu kimoja usikiguse: usimpe mpiga sello uhuru wa kuongeza mapambo kwenye mapigo ya katikati. Yeye ndiye saa ya wote. Kanoni hii haivunjiki kwa noti mbaya, inavunjika kwa sello iliyokimbia nusu pigo wakati violini tatu ziko sehemu tatu tofauti za melodi.

Na watapotea tu. Duru zote zinafanana kwa besi, kwa hiyo mtu akipotea hana alama ya kumrudisha. Herufi za mazoezi kila vipimo 16 hazisaidii hapa. Andika namba ya duru, 1 hadi 28, ndani ya kisanduku, mwanzoni mwa kila vipimo viwili, na namba hizo ziwe zile zile kwenye karatasi ya kila mtu, hata ya viola ambaye mstari wake haubadiliki. Usimwandikie viola wala sello alama ya kurudia mara 28 ukidhani unaokoa karatasi. Hesabu itawaponyoka kabla hawajafika nusu. Mazoezini kiongozi anataja "kumi na nne" kwa sauti na kila aliyepotea anaingia hapo. Mstari mmoja uwe na duru mbili, yaani vipimo vinne, ili namba zisimame wima ukurasani. Kila mpigaji atapata kurasa mbili za A4 zinazokaa pamoja kwenye kinara bila kugeuza.

Kwa mapigo 56 kwa dakika kipande chote ni kama dakika nne. Mkitaka kukifupisha, kuna namna moja sahihi na moja mbaya. Mbaya ni kukata vipimo wima, mfano kuruka kutoka duru ya 12 hadi ya 20 kwenye nakala nzima: violini ya pili itaitikia kitu ambacho wa kwanza hakuwahi kukisema. Sahihi ni kukata kifungu kwenye melodi. Ukiamua kifungu cha 4 kiondoke, kiondoke kwa violini zote tatu, na kila kinachofuata kinaanza duru moja mapema. Kila kifungu unachokitoa kinapunguza vipimo viwili.

Harusini mambo ni tofauti, kwa sababu urefu anauamua bibi harusi. Anaweza kufika mbele mkiwa duru ya 9, anaweza kusimama katikati ya njia na wapiga picha hadi duru ya 28 ikaisha. Kila duru inaishia A, na A inataka kwenda D. Mnaweza kumaliza mwisho wa duru yoyote kwa kutua kwenye kodi ya D. Chapa kodi hiyo chini kabisa ya kila karatasi, nje ya mstari: violini ya kwanza F shapu, ya pili D, ya tatu A, viola D, sello D. Kiongozi akiinua mkono wa kushoto, mnamaliza duru mliyomo na kutua hapo. Lifanyieni mazoezi kwenye duru tatu tofauti, moja iwe ya mbio, maana hapo ndipo watu hukataa kuacha walichoanza. Mkihitaji kurefusha, rudini duru ya 2 mkiwa mmeacha sello na viola peke yao duru moja katikati. Itasikika kama pumzi, na violini zitaingia upya moja baada ya nyingine.

Mpigaji wa fidla aliyekulia kwenye taarabu, ambako fidla zote hushika melodi moja kwa pamoja, ana sikio kali kuliko wengi wanaosoma noti, na sikio hilo hilo litamvuta kwenye melodi ya jirani. Mkalishe mbali na violini iliyo mbele yake kwa vipimo viwili, upande wa sello. Mapambo na mitelezo yake msimzuie moja kwa moja. Mwachieni vifungu vya mapigo marefu, kwenye ngazi za mbio apige wazi.

Programu ya kuandikia noti, MuseScore au nyingine, itakupigia kanoni yote bila dosari, na hapo ndipo pa kuwa macho. Violini ya kompyuta haiishiwi upinde wala haivuki nyuzi. Kabla ya kuchapa, chukua kalamu na upitie kila mstari ukiuliza uzi gani, kidole gani, upinde unakwenda wapi. Weka namba za vidole pale tu penye hatari, kama ile A ya kidole cha nne. Ukurasa uliojaa namba unasomwa kama namba, siyo kama muziki. Alama ya upinde wa kushuka iwekwe mwanzo wa kila duru yenye noti zenye idadi shufwa, na pale kifungu kinapokuja na idadi witiri unganisha noti mbili ili upinde ufike tena ukiwa unashuka.

Pachelbel amekufa zaidi ya miaka 300, hivyo muziki wenyewe hauna mwenyewe. Ila mpangilio wa mtu aliye hai unaoukuta mtandaoni una mwenyewe, pamoja na vidole na mipinde aliyoiandika. Anza na noti za asili, fanya jedwali lako la duru 28, na kwenye nakala kuu andika tarehe kila unapobadilisha kitu. Wapigaji watatu wakiwa na toleo la wiki iliyopita na mmoja ana la leo, hakuna mtu atakayeelewa kwa nini duru ya 17 ina kifungu cha 9 mara mbili.